Ameacha Nini, na Tangu Lini?

Hotuba kuhusu sonona na ubora wa maisha ya wazee, iliyotolewa mbele ya wazee, familia zao na wahudumu wa afya

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Madaktari, wauguzi, watoto na wajukuu mliowasindikiza, habari zenu.

Kuna kauli moja ambayo nimeisikia wodini, nimeisikia majumbani, na nimeisikia hata kwa watu waliosomea kazi hii ya kutibu. Mzee halali usiku, kauli inatoka. Mzee hali vizuri, inatoka tena. Mzee ameacha kupokea simu, hataki wageni, anashinda kitini akiutazama ukuta, na watu wanatazamana wanasema, "Uzee huo." Basi, yamekwisha. Hakuna anayeuliza zaidi, maana uzee hauna dawa.

Leo nasimama kuipinga kauli hiyo kwa nguvu zangu zote. Mengi tunayousingizia uzee ni sonona. Sonona, yaani huzuni nzito au kupotewa na hamu kusikokwisha, ni ugonjwa, unapimika, unatibika, na kila mwezi tunaoupoteza tukiuita uzee ni mwezi unaokatwa kwenye maisha ya mtu ambaye hana miezi ya kuchezea.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya watu waliotimiza miaka 60 na kuendelea, karibu asilimia 5.7 wana sonona. Ni mamilioni ya watu. Lakini igeuzeni hesabu hiyo muitazame upande wa pili: wazee zaidi ya 94 kati ya 100 hawana sonona. Wana magoti yanayouma, wana presha, wamezika wenzi na marafiki, na bado wanacheka, wanabishana, wanapanga mambo ya mwakani. Kama sonona ingekuwa sehemu ya kuzeeka, wote hao wangekuwa nayo. Hawanayo. Kwa hiyo mzee wenu aliyebadilika hakubadilishwa na umri. Wodini na kwenye nyumba za kutunzia wazee idadi huwa kubwa zaidi, na sababu yake nitaifikia.

Kwanza tukubaliane tunapimaje ubora wa maisha ya mzee. Hauwezi kupimwa kwa kuhesabu magonjwa yaliyoandikwa kwenye faili. Shirika hilohilo la Afya Duniani lina dodoso maalumu la wazee lenye maswali 24, na humwuliza mzee mwenyewe, si mtoto wake wala daktari wake, juu ya mambo sita. Macho, masikio na hisi zake nyingine zikoje? Ana uhuru gani wa kujiamulia mambo yake? Anaridhika na aliyoyatenda, na ana la kutazamia mbele? Anashiriki na watu? Anakifikiriaje kifo? Ana mtu wa karibu wa kumpenda na kupendwa naye? Nimeyasoma mambo hayo sita mara nyingi nikitafuta moja ambalo sonona huliacha salama. Sijalipata.

Chukueni hilo la uhuru wa kujiamulia, maana ndilo linalotupita mbele ya macho. Nyumba nyingi zina mzee mbishi. Anataka kujua fedha zimetumikaje, anataka mlango ufungwe hivi na usifungwe vile, haridhiki na tabibu huyu, ana neno juu ya kila jambo. Kisha miezi inapita, na mzee yuleyule anaanza kusema, "Amueni ninyi." "Fanyeni mnavyoona." "Vyovyote." Familia inapumua. Nimewasikia watoto wakinieleza kwa furaha kabisa kwamba siku hizi baba ametulia, hana shida na mtu. Nikisikia hivyo huwa nashtuka. Mtu aliyepigania maamuzi yake miaka 70 haachi hivihivi. Kilichomtoka mara nyingi ni kujali, na kujali ndiko sonona inakokutafuna kwanza.

Au lile la kuridhika na aliyoyatenda. Ulemavu wa mguu huanza siku ulipoanza na kwenda mbele. Sonona hurudi nyuma. Huingia kwenye miaka iliyokwisha kuishiwa na kuiharibu upya. Nimekaa na mama aliyelea watoto wake, akalea na wa nduguye, ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hakuna alichofanya hapa duniani. Nikamtajia watoto mmoja mmoja. Akasema hao walikua wenyewe. Uzee unaweza kumpunguzia mtu nguvu za leo. Haumnyang'anyi jana yake. Ukimwona mzee anaikana jana yake, usimbishie, wala usimwambie asikufuru. Mpeleke akapimwe.

Sasa, kwa nini tunaikosa? Kwa sababu tunaitafuta kwa sura isiyo yake. Tunadhani mwenye sonona atalia. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari vina dalili tisa. Mtu akiwa na tano au zaidi kwa wiki mbili mfululizo, na zikimvurugia maisha, ana sonona kubwa. Lakini angalau moja kati ya hizo lazima iwe ama huzuni, ama kupotewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza. Ama hii, ama ile. Wazee wengi huja kwa mlango huo wa pili. Ukiwauliza, "Una huzuni?" watakuambia hapana, na wanasema kweli wanavyoiona wao. Watakuambia mgongo. Watakuambia tumbo limejaa, kichwa kizito, mwili hauna nguvu, usingizi unakatika saa tisa za usiku na haurudi tena. Kizazi hiki kilifundishwa kuvumilia, na mtu mzima kulalamikia moyo wake aliona aibu. Mgongo hauna aibu. Basi anauleta mgongo.

Ndiyo maana nimejizoeza kuuliza swali jingine, na ninawaomba mlichukue muende nalo: ameacha nini, na tangu lini?

Aliletwa mzee mmoja, fundi cherehani wa miaka mingi, kwa ajili ya mgongo. Binti yake alikuwa na bahasha ya picha za eksirei na mfuko wa dawa za maumivu kutoka sehemu tatu tofauti. Kila nilipouliza, binti alijibu. Baba halali. Baba hali. Baba alianguka mwezi uliopita. Nikamwomba binti, kwa heshima, atusubiri nje. Mzee akabaki ametazama chini, na mimi nikatazama alikotazama. Upindo wa suruali yake, mguu wa kulia, ulikuwa umefumuka na kubanwa kwa pini.

Nikamwuliza, "Baba, hii suruali nani aliishona?"

"Mimi."

"Na pini?"

Akanyamaza kidogo. "Cherehani ipo," akasema. "Sioni tu sababu ya kukaa pale."

Hakulia, wala hakusema ana huzuni. Lakini fundi aliyeshona nguo za watu maisha yake yote, anayetembea na pini kwenye upindo wake mwenyewe, ameshajibu maswali mengi ya daktari. Tangu lini? Tangu kabla ya mgongo kuzidi. Picha zilionyesha mifupa iliyochakaa kama ya wenzake wa umri ule. Uchakavu huo usingeweza kumweka kitini siku nzima. Tulimtibu sonona, kwa dawa na kwa vikao na muuguzi, na kazi ya kwanza tuliyompa ilikuwa upindo ule tu, si zaidi. Mgongo bado unamwuma. Tofauti ni kwamba sasa unamwuma akiwa kazini.

Niliahidi kueleza kwa nini sonona hufuatana na maradhi mengine. Njia ni mbili, na zote zinapitika.

Ya kwanza, ugonjwa wa mwili huzaa sonona. Katika watu walionusurika kiharusi, takriban mmoja kati ya watatu hupata sonona, na haitokani na uchungu wa kupooza peke yake. Ubongo wenyewe umeumia. Mishipa midogo ya ubongo iliyoharibiwa na presha na kisukari kwa miaka mingi inaweza kuleta sonona inayoanza uzeeni kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo ujanani. Tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, ikilegea, damu ikipungua, vitamini B12 ikikosekana, mtu hufifia kwa namna inayofanana kabisa na sonona. Baadhi ya dawa nazo, zikiwamo za jamii ya steroidi zinazotuliza uvimbe, huweza kuishusha hali ya moyo. Kwa hiyo, wahudumu wenzangu, kabla hatujaandika sonona tupime damu na tupitie dawa zote anazomeza. Zote, pamoja na zile alizopewa na jirani.

Njia ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi. Sonona huzidisha ugonjwa wa mwili. Mwaka 1993, watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa na sonona baada ya shambulio la moyo walikufa kwa wingi zaidi katika miezi sita ya mwanzo kuliko wenzao wasio nayo. Mwaka 2000 ukatoka uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, ukakuta kwamba mgonjwa mwenye sonona ana uwezekano mara tatu zaidi wa kutofuata matibabu aliyoelekezwa. Mara tatu. Sasa fikirini mzee anayekuja kliniki ya kisukari kila mwezi, sukari iko juu, na kila mwezi anakemewa: mzee humezi dawa, mzee humsikilizi daktari. Anaitikia, anaondoka, mwezi ujao ni yaleyale. Huyu hajakosa maelezo. Amekosa sababu ya kuona kesho yake inastahili kidonge cha leo. Kumkemea kunamthibitishia tu alichokuwa akijiambia, kwamba yeye ni mzigo.

Kisha kuna miguu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wazima wa afya waliojitolea walilazwa kitandani siku 10 tu, na katika siku hizo wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima, wanakula vizuri. Mzee mwenye sonona asiyetoka kitandani, na chakula hali, miguu yake inakwendaje? Akiinuka kwenda msalani usiku, anaanguka. Akivunjika nyonga, anarudi kitandani, na safari hii kwa sababu ambayo kila mtu anaiona. Picha ya eksirei itapigwa, mfupa utaungwa, faili litaandikwa "ameanguka". Kilichomwangusha hakitaandikwa popote.

Niseme na juu ya kusahau, kwa sababu najua wapo humu waliokuja na hofu hiyo. Sonona inaweza kumfanya mzee asahau, achanganye, ashindwe kufuata mazungumzo, hadi familia iamini akili imeanza kupotea moja kwa moja. Zipo alama za kutusaidia kutofautisha. Mwenye sonona mara nyingi hulalamika mwenyewe kwamba anasahau, na ukimwuliza swali hukujibu "sijui" bila hata kujaribu. Na familia huweza kutaja ni miezi gani hali ilibadilika. Upotevu wa kumbukumbu wa kweli huja polepole kwa miaka, na mara nyingi mwenyewe hauoni, anauficha au anajibu chochote. Lakini alama hizi si hukumu. Hali zote mbili zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na sonona inayoanza kwa mara ya kwanza uzeeni wakati mwingine ni mtangulizi wa ugonjwa wa kusahau. Mtibuni sonona, halafu endeleeni kumfuatilia. Akili zikirudi, mmempata mtu wenu.

Na msiba? Mjane aliyezika mume wa miaka 50 analia, hali, halali. Msimkimbizie vidonge. Majonzi huja kwa mawimbi; katikati yake mtu bado anaweza kumkumbuka marehemu akatabasamu, akampokea mjukuu mapajani, akafarijiwa moyo na waliokuja kumwona. Anachokililia anakijua, na hajichukii. Sonona haina mawimbi. Imekaa palepale asubuhi na jioni, haifarijiki, na inamwambia mtu kwamba yeye mwenyewe hana thamani. Majonzi yakianza kuchukua sura hiyo, hapo ndipo msiba umegeuka ugonjwa, na kusema "muda utamponya" ni kumwacha peke yake nao.

Hapa nina neno kwa watoto, na naomba lisichukuliwe kama lawama, kwa sababu najua linatoka kwenye mapenzi. Heshima yetu nyingine inawaumiza wazee. "Mama, kaa, utachoka." "Baba, wacha, nitafanya mimi." Tunamwondolea ufagio, tunamwondolea jembe, tunamwondolea sindano, tunamwondolea funguo, na tunajisifu kwamba mzee wetu hafanyi kazi yoyote. Siku nzima hakuna kitu hata kimoja kitakachoharibika asipoamka. Mtu gani kati yetu angevumilia hali hiyo kwa wiki moja? Moja ya tiba zenye ushahidi mzuri kabisa kwa sonona ni kumrudishia mtu shughuli, kidogokidogo, kwa mpango, hata kabla hamu yenyewe haijarudi. Hatungojei hamu ije ndipo afanye. Anafanya, na hamu inafuata nyuma. Sasa nyumbani mkimkataza kufanya, mnaifungia tiba hiyo mlango.

Tiba zipo. Ya mazungumzo ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa sonona isiyo kali, na haihitaji jengo kubwa. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya vituo vya afya na kuwasaidia kutatua shida zao moja baada ya nyingine. Mpango huo ukapimwa kwa utafiti uliohusisha wagonjwa 573 mjini Harare, na matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na akina bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nawatajia habari hii kwa sababu ya wagonjwa, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu ya akina bibi. Waliotibu walikuwa wazee.

Utafiti mwingine mkubwa ulifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002. Wazee 1,801 wenye sonona, wote wa miaka 60 na kuendelea, waligawanywa. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuwafuatilia, muuguzi au mwanasaikolojia, aliyewaelimisha, akawapigia simu, akapima dalili zao tena na tena, na akarudi kwa daktari kusema "huyu hajapata nafuu, tubadilishe." Mwaka ulipoisha, asilimia 45 ya waliofuatiliwa walikuwa wamepungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi. Katika huduma ya kawaida, ni asilimia 19. Dawa zilikuwa zilezile zinazopatikana kwa wengine. Kilichoongezwa ni mtu wa kuuliza tena. Wasimamizi wa vituo mlioko hapa, hesabu hiyo ni yenu.

Dawa nazo zinafanya kazi kwa wazee, ila zinataka uangalifu. Huanzwa kwa kiwango kidogo na kupandishwa taratibu. Lakini zipandishwe kweli, kwa sababu nimeona wazee wengi waliosahaulika kwenye kile kidogo cha kuanzia kisha wakaambiwa dawa imeshindwa. Nafuu huchukua wiki nne hadi sita, na kwa mzee huweza kuchukua zaidi, kwa hiyo msiitupe wiki ya pili. Hazimfanyi mtu teja. Zile za zamani kama amitriptilini humkausha mzee mdomo, humfunga choo, humzuia mkojo, humtia kizunguzungu anaposimama na huweza kumchanganya akili. Kwake yeye si chaguo la kwanza. Zile za jamii ya sertralini huvumilika vizuri zaidi, ila huweza kushusha chumvi ya damu, hasa kwa anayetumia dawa za kukojosha kwa ajili ya presha. Akianza kuchanganyikiwa au kulegea ghafla, arudi kituoni apimwe. Akipona, aendelee nayo kwa miezi ambayo daktari atampangia, kwa kawaida sita hadi 12 au zaidi, na asiikate kwa siku moja. Diazepamu na nduguze za usingizi hazitibu sonona. Zinamwangusha mzee usiku. Na kwa mgonjwa aliyezidiwa kabisa, asiyekula wala kunywa, tiba ya umeme inayotolewa akiwa amelazwa usingizi wa dawa huwasaidia wazee vizuri sana, licha ya yote mnayoyasikia kuihusu.

Miwani, vifaa vya kusaidia kusikia, kutoa mtoto wa jicho: yafanyeni mapema. Asiyesikia huacha kukaa na watu, na asiyekaa na watu mmeshamjua.

Nimefika kwenye jambo zito, na siwezi kuondoka bila kulisema mbele ya wazee wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2014 kuhusu kujiua, lilionyesha kwamba karibu kila sehemu ya dunia viwango vya juu kabisa viko kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, wanaume kwa wanawake. Tunazungumza sana juu ya vijana, na ni haki. Wazee hawatangazi. Wanapojaribu, hufa kwa wingi zaidi kuliko vijana. Na wapo wanaofanya taratibu: anaacha insulini, anaacha chakula, na sisi tunasema amekosa hamu.

Mzee anaweza kukizungumza kifo kwa amani. Anakuonyesha hati zilipo, anakuambia azikwe wapi, kisha anauliza mchezo umeishaje redioni. Huyo msimwogope. Mwingine anasema, "Nimechoka," "Mungu anichukue," "Mngekuwa na nafuu bila mimi." Huyo msimfunge mdomo kwa "usiseme hivyo." Kaeni naye, mwulizeni waziwazi: Baba, unafikiria kujiua? Umefikiria kwa njia gani? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Wengi hushusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, viuatilifu na vidonge viondolewe anapoweza kuvifikia, na afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Si kesho.

Wazee wangu, nimalizie kwenu. Mmesikia tukiwazungumza kana kwamba hampo, nami naomba radhi kwa hilo. Kama katika haya niliyosema kuna lililokuwa lako, kutolisema si uvumilivu. Uliwahi kuvumilia njaa, ukavumilia uchungu wa uzazi, ukavumilia kazi ngumu, kwa sababu mbele kulikuwa na kitu. Sonona haina kitu mbele yake. Haimpi mtu tuzo kwa kuivumilia.

Katika chumba cha pembeni kuna wauguzi wawili wenye karatasi ya maswali 15. Ni dodoso lililotungwa kwa ajili ya wazee katika miaka ya 1980, na majibu yake ni ndiyo au hapana tu. Halikuulizi mgongo wala usingizi, kwa sababu waliolitunga walijua mwili wa mzee una sababu zake nyingine za kulalamika. Swali la kwanza ni kama kwa jumla unaridhika na maisha yako. La pili ni kama umeacha shughuli zako nyingi na mambo uliyoyapenda. Majibu yanayoashiria sonona yakizidi matano, hatutakuambia una sonona. Tutakupangia siku ya kukaa na daktari. Njooni na dawa zenu zote siku hiyo. Asiyejua kusoma atasomewa, asiyesikia vizuri atapewa nafasi karibu. Nanyi mliowasindikiza, viti vyenu viko nje ya mlango ule. Mzee ataingia mwenyewe, atajibu mwenyewe, na akitaka kuwaambia alichojibu, atawaambia.